Mzazi, kijana wako anajifunza ufundi wa malori? Mazoea pekee hayatoshi

MWANZA. Gereji nyingi za malori hufundisha kwa macho na mikono. Kijana huanza kwa kuosha vipuri, na baada ya miaka miwili mitatu anafungua injini mwenyewe. Kitabu cha mtengenezaji, kama kipo, hubaki kabatini.

Njia hiyo ina faida zake. Fundi mzoefu husikiliza mlio tu akajua injini ina tatizo gani. Anajua pia kwamba lori linalopita barabara za vumbi kwenda mialoni kuchukua dagaa haliwezi kusubiri kilomita zote za kitabuni ndipo lisafishwe chujio la hewa. Hata vitabu vyenyewe huelekeza sevisi ifanywe mapema kwenye mazingira magumu.

Hatari huanza injini inapobadilika, mazoea yakabaki yaleyale. Kwenye malori ya zamani, fundi alilegeza bomba la nozeli injini ikiunguruma ili ajue silinda ipi ina kasoro. Lakini mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilianza kufunga kwenye malori ya Hino mfumo wa komoni reli, ambao leo umeenea. Presha ya dizeli humo ni zaidi ya mara 100 ya ile ya tairi la lori, na hubaki kwa muda hata injini ikizimwa. Ndiyo maana kitabu hukataza kulegeza bomba hilo injini ikiwaka, na hutaja dakika za kusubiri baada ya kuizima.

Dizeli hiyo hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama tundu la sindano na mwanzoni huenda lisiume sana, huku ndani nyama ikiharibika. Kuchelewa kunaweza kumgharimu kijana kidole au mkono. Awahishwe hospitali yenye madaktari wa upasuaji, kama Bugando, na waelezwe wazi kuwa ni dizeli ya presha.

Tabia nyingine ni kunyonya dizeli kwa mdomo. Ikimpalia, huingia mapafuni na kuyaumiza vibaya. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali haraka.

Kabla ya kumkabidhi mwanao, muulize fundi mkuu: Je, mna kitabu cha injini mnazotengeneza? Vijana wanasomewa? Dizeli mnaihamisha kwa pampu au kwa mdomo? Majibu yakikutia shaka, tafuta gereji nyingine, au ulizia kozi za VETA, ambako nadharia na vitendo hufundishwa pamoja.