Magofu ya St Andrews: Kanisa kuu lililohamia kwenye kuta za nyumba za mji

WENGI wanaufahamu mji wa St Andrews, mashariki mwa Uskoti, kwa sababu ya mchezo wa gofu na chuo kikuu chake cha kale. Ni wachache wanaojua kwamba pembezoni mwa mji huo, karibu na majabali yanayotazama Bahari ya Kaskazini, yamesimama magofu ya kanisa lililowahi kuwa kubwa kuliko yote nchini humo.

Mji huo hauna kituo cha reli. Msafiri anayetoka Edinburgh hushuka Leuchars, kisha hupanda basi kwa safari fupi. Akifika na kupita ukuta mrefu wa mawe uliozunguka eneo takatifu, hujikuta katika uwanja wa nyasi na makaburi. Mashariki kuna ukuta wenye minara miwili pacha. Magharibi kumesalia kipande cha lango kuu. Baina ya sehemu hizo mbili, takriban mita 100 na zaidi, hakuna paa wala altare. Upande wa kusini tu ndiko kuliko na ukuta uliobaki. Vitako vya nguzo vilivyomo kwenye nyasi ndivyo humwonyesha mgeni mahali waumini walipokuwa wakipita.

Ujenzi ulianza mnamo mwaka wa 1158 na ukachukua zaidi ya karne moja na nusu. Katika miaka ya 1270 dhoruba iliangusha upande wa magharibi, na mafundi wakaujenga upya ukiwa mfupi kuliko awali. Hatimaye kanisa liliwekwa wakfu mwaka wa 1318 mbele ya Mfalme Robert the Bruce, miaka minne baada ya ushindi wake dhidi ya Waingereza huko Bannockburn. Mahujaji walimiminika hapo kwa kuwa iliaminika kwamba kanisa hilo lilihifadhi mifupa ya Mtume Andrea, ambaye ndiye mtakatifu msimamizi wa Uskoti.

Ni nini basi kilicholiangamiza? Wageni wengi hudhani ni vita. Ukweli ni kwamba mnamo Juni 1559 mhubiri John Knox alitoa mahubiri makali mjini humo kuhusu Yesu kuwafukuza wachuuzi hekaluni. Umati ukavamia kanisa kuu, ukavunja sanamu na kuondoa mapambo. Mwaka uliofuata Bunge la Uskoti liliondoa mamlaka ya Papa na kupiga marufuku misa.

Hata hivyo, ghasia hizo hazikubomoa kuta. Kilichobomoa kuta ni kukosa kazi. Ibada za Kiprotestanti ziliendelea katika kanisa la mtaa katikati ya mji, na jengo kubwa likabaki bila askofu wa kulitunza wala fedha za kulikarabati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa haukuzibwa, na wala ukuta haukujengwa. Kwa wenyeji, jiwe lililokwisha kuchongwa lilikuwa mali ya bure. Wakalibeba kanisa lao kidogo kidogo, wakajengea nyumba na kuta za bustani. Uhamishaji huo uliendelea kwa vizazi, hadi mwaka wa 1826 serikali ilipolichukua eneo hilo chini ya ulinzi wake.

Kisa hiki kinamhusu Mkenya pia. Mageuzi hayo ndiyo yaliyozaa Kanisa la Uskoti, na wamishenari Waskoti walioweka makao Thogoto, Kikuyu, mwaka wa 1898 walichangia kuweka msingi wa kanisa la PCEA. Muumini wa PCEA anayezuru St Andrews husimama katikati ya uharibifu ulioanzishwa na mababu wa imani yake mwenyewe.

Mengine ya kutazama si haba. Mnara wa Mtakatifu Rule, wenye urefu wa mita 33, ni wa kanisa lililotangulia lile kuu, nao umedumu hadi leo. Makumbusho yaliyo papo hapo yana jeneza la mawe la zama za Wapikti, lenye mchoro wa Daudi akipambana na simba. Makaburini wamelala Tom Morris na mwanawe, mabingwa wa gofu wa karne ya 19.

Lakini asiyetaka kuondoka na nusu ya habari hana budi kutoka nje ya ukuta na kutembea katika mitaa ya kale akizitazama kuta za nyumba. Sehemu ya kanisa anayolitafuta imo humo, ikizuia upepo wa bahari usiingie kwenye majumba ya watu.