Mama Ida alitaka nyumba

Wandugu, siku ya kongé tafuteni filme moja ya zamani: The Sundowners, ya mwaka 1960, iliyotengenezwa na Fred Zinnemann. Ni mambo ya Australia, miaka ya 1920. Vita hakuna, bunduki hakuna. Kuna baba, mama, kijana wao na kundi la kondoo.

Baba ni Paddy Carmody (Robert Mitchum). Kazi yake ni kupeleka kondoo za watu mbali, kila usiku hema pahali pengine. Yeye anapenda vile. Bibi yake Ida (Deborah Kerr) amechoka. Siku moja ku gare, Ida amekaa juu ya gari la farasi, vumbi mwili mzima. Ndani ya treni anaona mama mwingine anajipaka poda. Wanaangaliana, hakuna neno. Mimi pale niliwaza bibi yangu.

Ida anamsukuma Paddy aingie kazi ya kukata manyoya ya kondoo. Watu wa kazi hiyo walikuwa na sendika tangu 1886, na mwaka 1891 waligoma kwa nguvu. Shantie yao utaitambua: ekipe, mukubwa wa kazi, jasho. Paddy anakata, Ida anapikia watu, kijana anapaka lami kwenye vidonda vya kondoo. Makuta yanawekwa kidogo kidogo, kwani shamba walilopenda linadai makuta ya kuanzia.

Kisha Paddy anaingia mchezo wa kutupa sarafu mbili juu. Mara ya kwanza alishinda makuta mengi na farasi. Mara hii, akiba yote ikaenda.

Paddy si mtu mubaya. Anacheka, anapenda bibi yake. Ndiyo maana inauma. Yale makuta yalikuwa jasho la watu watatu, na mutu mumoja ameyamaliza usiku mumoja.

Sisi wa sendika tunapigania mushahara upande, na ni haki. Lakini ukishalipwa, ni wa nani? Nyumba ya kampi ni ya kazi: kazi ikiisha, funguo inarudi kwa mwenyewe. Nimesaidia wandugu kupakia vitanda juu ya kamyo, mama anaangalia chini.

Mwisho wa filme sisemi. Muangalie pamoja, baba na mama na batoto. Kisha muulizane: makuta ya nyumba yetu iko wapi?