Sakitu ya Njombe, hasara ya Namanga

Anayefika Njombe au Makete mwezi Julai kutafuta matunda, akiamka mapema, huona nyasi za bondeni zimegeuka nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Hiyo ni sakitu, barafu nyembamba ya alfajiri. Saa nne jua huwa limeshaiyeyusha, na aliyelala gesti hadi muda huo anaweza kuapa kwamba usiku ulikuwa wa kawaida. Miti ya uani haina bahati hiyo.

Parachichi, au avokado kama wasemavyo wenzetu wa Kenya, ndiyo huumia kwanza. Baada ya siku chache majani hukauka na kuwa ya kahawia kana kwamba yamepitiwa na moto, na maua hupukutika. Mche mchanga hufa kabisa. Aina ya Hass, ambayo soko la nje linaipenda zaidi, huvumilia baridi kidogo kuliko Fuerte.

Jambo linalowaponza wanunuzi ni kwamba sakitu haipigi kijiji kizima. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa baridi huteremka na kutuama bondeni kama maji. Nyumba iliyo mteremkoni hubaki na miti ya kijani, huku jirani wa chini akipoteza msimu. Ukitoa malipo ya awali kwa mti wenye maua kwa sababu tu uliona wa jirani unapendeza, umecheza kamari. Kwangua gome la tawi kwa ukucha: likiwa kijani ndani, tawi li hai. Na mkulima anayekimbilia kukata matawi yaliyoungua amekosea. Asubiri machipukizi yaonyeshe mti umefia wapi.

Tufaha, pichi na plamu ni hadithi nyingine. Miti hii inahitaji baridi ili ichanue vizuri, kwa hiyo Juni yenye baridi kali inaweza kuwa habari njema kwako. Hatari yake ni sakitu inayochelewa, ikakuta maua yameshafunguka.

Kisha wanakuja wadudu. Gome likipasuka, vidukari wa tufaha wenye utando mweupe kama pamba hujibanza kwenye nyufa, na wengine hushuka hadi mizizini, ambako kuwaona ni kazi. Mti ulioumia huzaa matunda madogo.

Anayekula faida ya msafirishaji, hata hivyo, ni nzi wa matunda. Yule aliyeingia kutoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003 hustawi zaidi kwenye joto, lakini nyanda za juu zina nzi wao wanaoizoea baridi, na pichi wanaipenda mno. Nzi hutaga ndani ya tunda, na kwa nje huachwa kidoa tu. Matunda yaliyoanguka yakiachwa chini ya mti, funza hutoka, huingia udongoni na kurudi wakiwa nzi.

Ndiyo maana mimi huangalia chini ya mti kabla ya kuangalia juu. Uwanja uliofagiwa na matunda mabovu kufukiwa ni dalili bora kuliko maneno ya dalali. Matunda ya kuokota huuzwa bei ya kutupa, na ukiyachanganya kwenye kreti zako, kreti moja inatosha kukwamisha mzigo mzima Namanga mkaguzi akipasua tunda na kukuta funza. Utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000 haukuondolei cheti cha afya ya mimea. Tanzania kinatolewa na TPHPA. Kenya ni KEPHIS.

Wanaonunua Kinangop na Ol Kalou wageuze kalenda. Huko sakitu hupiga zaidi kati ya Desemba na Februari, usiku wa kiangazi ukiwa mweupe wa nyota. Kwa hiyo Julai ni ya kuuliza habari za Njombe, na Januari ni ya kuuliza za Nyandarua, kabla ya kutuma fedha.