Kiriri: Madondo, Brosheti na Ngumi ya Ndagala

Ukicheki Bujumbura, yaani Buja, kutoka chini, Kiriri ndio mtaa wa mababi. Uko juu kwa mlima, mageti ndefu, maua inamwagika kwa ukuta, na ukisimama kwa kona poa unaona Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo. Lakini kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi iko hapo pia, ndio maana usishangae kupata msee amesota anapanda ule mlima na tumbo imeshika chai peke yake.

Huku juu stori ya dishi iko moto. Kuna madem wameacha nyama, mayai, hadi maziwa, juu waliona kwa simu ati nyama inaua mosmos. Kuna wasee wengine, giza ikiingia tu ni brosheti za mbuzi na ndizi ya kuchoma, bia ya Primus baridi kando, na wanaapa mboga ni ya sungura. Nimewasikiza wote na naona kuna kitu wameruka. Burundi tayari ni nchi ya wala-mboga. Shuka ocha, Ngozi ama Kirundo: watu wanamanga madondo karibu kila siku, nyama ni ya sikukuu na harusi. Ng'ombe ni mali na heshima, hachinjwi juu umeskia njaa. Na hao watu hawajapata ile afya tunauziwa kwa simu. Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulipata watoto 56 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hiyo namba inaniuma, na siwezi bonga stori ya kuacha nyama nikijifanya sijaiona.

Sasa usikimbie kusema dawa ni nyama. Kudumaa kunaletwa na vitu mob: maji chafu, magonjwa ya tumbo, mathe mwenye hakula vizuri akiwa na mimba, na sahani yenye ni ile ile Januari hadi Disemba. Ubugari wa mihogo unajaza tumbo vizuri, lakini protini ndani yake ni kidogo sana.

Hii debate ni ya zamani, hata hapa kwetu Afrika Mashariki. 1931, John Boyd Orr na daktari Gilks walitoa ripoti yao ya Kenya wakilinganisha Wamaasai, wa nyama, maziwa na damu, na Wakikuyu, wa nafaka na viazi. Wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu kuliko wa Kikuyu kwa sentimita kama 13 na wazito kwa kilo kama 10. Wakikuyu walikuwa na meno mbovu na damu kidogo. Wamaasai nao walikuwa wanafunga choo na kuumwa na viungo. Kila sahani ilikuwa na bili yake. Lakini kulinganisha makabila mawili hivyo kuna ngori, juu ukoo ni tofauti, kazi ni tofauti, magonjwa ya eneo ni tofauti.

Ile research mimi huheshimu ni ya Embu, Kenya. Kuanzia 1998 watafiti walichukua watoto wa shule 12 za msingi. Wengine walipewa githeri na nyama ya kusaga ndani, wengine githeri na glasi ya maziwa, wengine githeri yenye imeongezwa mafuta, wengine hawakupewa kitu. Miaka miwili hivi. Wale wa nyama walipanda zaidi kwa mtihani wa kufikiria, wakashika misuli, na uwanjani ndio walikuwa moto kuliko wote. Maziwa ilisaidia wadogo wenye walikuwa wamedumaa kuongeza urefu. Na nyama na maziwa zote zilipunguza ukosefu wa vitamini B12, yenye mmea haukupi. Usiniambie basi ati mtoto wa ocha aache kile kipande kidogo cha nyama anapata.

Mtu mzima wa Kiriri ni stori ingine. Huyo hajakosa; swali lake ni kama amezidisha. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliona magonjwa ya utumbo yenye yalikuwa yanajaza hospitali za Uingereza ni nadra kwa Waganda, na akashuku ni nyuzinyuzi za dishi yao zinawalinda. Uingereza yenyewe, utafiti mkubwa wa Oxford umefuata watu tangu 1993. Wala-mboga walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kidogo kwa asilimia 22 kuliko wala-nyama. Lakini kiharusi kiliwapata zaidi kwa asilimia 20. Ukiigeuza kuwa watu: kwa kila 1,000, miaka 10, ni kama 10 wameepuka moyo na 3 wameongezeka kwa kiharusi. Wale hawagusi hata maziwa na mayai walivunjika mifupa zaidi kwa asilimia 43. Na 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka soseji, hemu na nyama zingine za viwandani kwa orodha ya vitu vimethibitishwa kuleta saratani. Nyama nyekundu ya kawaida waliiweka ngazi ya chini, ile ya "kuna uwezekano mkubwa". Kwa hivyo msee wa soseji kila asubuhi ako pabaya kuliko yule wa brosheti ya Jumamosi.

Mimi sahani yangu naijua. Shuka kutoka Kiriri uingie kwa kibanda chochote chenye kuna mathe anapika na mamesa, yaani mafuta ya mawese. Ubugari, madondo yameiva hadi mchuzi umekuwa mzito, lengalenga, halafu ndagala juu. Cheki ndagala poa: kasamaki ka urefu wa kidole, kamekauka, kanang'aa kama fedha, macho bado yako. Anakakaanga kidogo, anaweka nyanya na kitunguu. Unakamanga kote, kichwa, mfupa na mkia. Ule mfupa ndio kalsiamu. Nyama yake ina B12, chuma na zinki, na inasaidia mwili kunyonya chuma ya madondo. Ngumi moja ya ndagala inatosha watu wawili watatu. Hivyo vyote, kwa kasamaki kamoja.

Dem mwenye ameamua hataki samaki pia, sawa siz, inawezekana, lakini fanya kazi yake. B12 chukua ya vidonge. Ini huwa imeweka akiba ya miaka, ndio maana mtu anajiskia fiti mwanzo, halafu ganzi inaanza kwa miguu. Chai toa kwa meza ya madondo, ngoja kama saa moja, juu inafunga chuma. Weka limau ama chungwa badala yake. Na madondo yenyewe hayafanani: ng'ambo ya mpaka, Huye, Rwanda, wanafunzi wa kike wa chuo wenye chuma kidogo walikula madondo yaliyozalishwa kuwa na chuma mingi, siku 128, na damu yao ikapanda kuliko ya wenzao waliokula ya kawaida.

Chenye kinanipa presha ni ziwa. 2003 watafiti waliandika kwa jarida la Nature kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto, ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na chakula cha samaki kimepungua. Nyavu nazo zimekuwa mob. Ndagala ikipanda bei, babi wa Kiriri atahamia kuku bila shida. Mathe wa mtaa wa Buyenzi mwenye watoto watano atabaki na ubugari na mchuzi.