Kompyuta Inaposema Imejaa

Usiku wa kuamkia siku ya kutoa kazi yetu ya Jiografia, kompyuta yangu ilikataa kuhifadhi kurasa nilizokuwa nimeandika. Ilisema nafasi imekwisha. Kwa haraka nikafuta folda kubwa kuliko zote, nikamwaga na pipa la taka, nikalala kwa furaha. Asubuhi nikatambua kwamba ndani ya folda ile zilikuwamo picha za babu, alizopigwa mwaka wake wa mwisho. Nakala nyingine sikuwa nayo. Ndipo nilipoanza kujifunza habari za nafasi.

Kwanza tusichanganye mambo mawili. Kompyuta ina kumbukumbu ya kazi, nayo ni kama meza: umeme ukikatika, vilivyo juu yake hupotea. Tena ina diski, nayo ni kama kabati. Inaposema nafasi imekwisha, yasema juu ya kabati. Basi kufunga programu moja mbili hakufai kitu.

Wako wanaolalamika kuwa wamepunjwa dukani: wamenunua diski ya gigabaiti 256, na Windows yaonyesha 238 hivi. Hawakupunjwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Mchele ni ule ule, vibaba ndivyo mbalimbali. Wala tusizidharau hizo 238. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya diski yenye sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, uzito wake wote kama tani moja, nayo ilichukua herufi milioni 5 tu. Picha moja au mbili za simu ya leo zingeijaza!

Ni nani, basi, anayekula nafasi? Si kazi za shule. Insha ya kurasa kumi kwa kawaida ni ndogo kuliko picha moja. Walaji ni filamu, michezo, picha, na folda ya vitu vilivyopakuliwa, ambamo kitabu kile kile hukutwa mara tatu. Mwenye Windows 11 afungue Settings, kisha System, kisha Storage, ataonyeshwa kila mlaji na fungu lake. Faili za muda zaweza kufutwa, lakini soma orodha yake kwanza, maana folda ya Downloads nayo huorodheshwa humo, na huenda ndimo ulimoweka cheti chako. Ukiona Windows ya zamani imebaki baada ya kuingia mpya, hiyo hula gigabaiti nyingi; ukiifuta, hutaweza kuirudia.

Kitu ulichokifuta hakijatoka bado. Kimehamia pipa la taka, na nafasi haiongezeki mpaka pipa limwagwe. Lakini vitu vya kwenye flashi havipiti pipani kabisa. Hupotea mara moja. Hili limewaliza wengi bwenini kwetu.

Siku hizi nafuta hivi: nanakili folda kwenye diski ya nje, naipeleka diski hiyo kwenye kompyuta ya mwenzangu, nafungua picha tatu nne nione kama zafunguka, kisha ndipo nafuta. Yachukua nusu saa.

Picha 11 za babu zilipatikana katika simu ya mjomba. Nyingine bado natafuta.