Mtende Ukigeuka Manjano, Usikimbilie Panga

Ndugu mfugaji, mtende wako wa kando ya mto Turkwel ukianza kuwa na makuti ya manjano chini, usiyakate upesi kuwapa mbuzi. Pindua kuti moja, litazame dhidi ya mwanga wa jua, kisha lipapase kwa kidole.

Ukiona madoa ya manjano au ya rangi ya chungwa yanayopitisha mwanga, na ncha zimekauka, mti una njaa ya potasiamu. Makuti hayo ya chini ndiyo ghala lake: mti huvuta potasiamu humo kulisha machipukizi. Ukiyakata, njaa hupanda kwenye makuti ya juu, na mwishowe mti unaweza kufa. Yaache mpaka yakauke kabisa. Weka samadi ya mbuzi iliyooza vizuri (mbichi huunguza mizizi) kuzunguka shina bila kuligusa, kisha mwagilia. Madoa ya zamani hayafutiki; pima nafuu kwa makuti mapya.

Kidole kikigusa vipele vyeusi vigumu, huo ni ukungu wa Grafiola. Kata yale yaliyoshambuliwa sana tu, uyachome.

Makuti machanga ya katikati yakitoka yamejikunja na kukauka, huenda ni upungufu wa manganizi. Hapo mwite bwana shamba kabla ya kununua mbolea.