Lazeri na doa jeupe la kinywa



Wiki hii tunapenda kufasiria jambo linalogusa kinywa cha kila mutu, zaidi cha wale wanaovuta tumbako na kunywa lutuku. (Wale wa nyuma ya jiko wanajua tunasema na nani.)

Chini ya ulimi ao ndani ya shavu kunaweza kutokea doa jeupe. Ukilipangusa haliondoke. Waganga wanaliita lekoplakia. Kuna na lile jekundu, eritroplakia. Linaonekana mara chache, lakini ndilo la kuogopesha zaidi. Doa jeupe haiko kansa. Mengi hayageuke kansa hata siku moja, mengine yanageuka. Na ubaya wake ni huu: mara nyingi haliume. Mutu anakula, anaimba, anasema ni kitu kidogo tu, miaka inapita.

Munganga anafanya nini? Kwanza anakata kipande kidogo, kinatazamwa kwa mikroskopi. Hapa hakuna njia ya mukato. Wakiona chembe zimeanza kuharibika, wanaondoa doa, ao kwa kisu, ao kwa lazeri.

Lazeri ya kwanza Theodore Maiman aliiwasha mwaka 1960 kule Marekani. Ile ya gazi karboniki Kumar Patel aliitengeneza mwaka 1964. Tukumbuke somo la fizike: kila mwangaza una urefu wa wimbi lake. Huu una mikrometa 10,6. Jicho haliuone, na maji yanaumeza sana. Nyama ya kinywa imejaa maji. Yanachemka mara moja, tabaka ya juu inageuka mvuke, chini haiungue sana. Mishipa midogo ya damu inafungika palepale, na mara nyingi hawashone. Ndiyo sababu kazi inafanyika katika chumba cha munganga: sindano ya ganzi, miwani ya kulinda macho kwa wote, mashine ya kufyonza moshi. Mutu anarudi kwake siku ileile.

Lakini tusisifu kupita kiasi. Kilichogeuka mvuke hakipimwe tena. Kwa hiyo, mara nyingi ni heri lazeri itumiwe kama kisu, ipatikane nyama ya kupima. Na doa linaweza kurudi, hata kisha miaka, basi mutu anapashwa kurudi kutazamwa.

Mashine hiyo ni ya bei kali. Kioo tunacho. Doa likipitisha wiki mbili, lionyeshwe kwa munganga.